Nta ya Jani na Kiangazi cha Kolwezi

Asubuhi ya mwezi wa saba bustani za dembo, yaani bonde lenye unyevu, kando ya Kolwezi zina baridi ya kukunja vidole. Ukifika huko na kikombe cha maji, fanya jambo moja kabla hujashika jembe. Dondosha tone juu ya jani la kabichi, na jingine juu ya jani la maharagwe. Juu ya kabichi tone litajikunja kama ushanga, na ukiinamisha jani kidogo litabingirika hadi chini bila kuacha alama ya unyevu. Juu ya maharagwe tone litalala, litatandaa, na jani litalowa.

Sasa pitisha kidole juu ya lile la kabichi. Rangi ya majivu iliyokuwa imelifunika itatoka, na nyuma ya kidole utabaki mstari wa kijani kibichi unaong'aa. Wengi hudhani wameondoa vumbi, lakini wameondoa nta. Jani lenyewe limeitengeneza, na katika mkoa huu wa Lualaba ambamo mvua hukata mwezi wa nne na kurudi mwezi wa kumi au wa kumi na moja, nta hiyo ni sehemu ya akiba ya maji ya mkulima, ingawa haihesabu.

Kila jani la mmea wa nchi kavu limevaa utando mwembamba usio na uhai, unaoitwa kutikula. Kiunzi chake ni kitu kinachoitwa kutini, na ndani ya kiunzi hicho, na juu yake pia, seli za ngozi ya jani zimepaka nta. Ni minyororo mirefu ya kaboni, mara nyingi yenye kaboni kati ya 20 na 40, ambayo maji hayapendi kuipita. Utando wote kwa kawaida haufiki unene wa maikromita 10, ilhali unywele wa mtu mzima hufikia 70 au zaidi. Kuna mimea inayotengeneza nta nyingi hadi watu huivuna: mti wa jamii ya minazi uitwao carnauba, wa kaskazini mashariki ya Brazil kunakokauka sana, hutoa nta inayotumiwa duniani kote kung'arishia magari.

Ule unga wa kijivujivu unaouona kwa macho ni tabaka la juu tu. Kazi zake kubwa ni kurudisha sehemu ya mwanga wa jua, kulizuia jani lisipate joto kupita kiasi, na kufanya maji na uchafu viteleze. Kizuizi kikubwa cha maji kwa mimea mingi ni ile nta iliyofichika ndani ya kutikula, iliyopangwa kwa ukaribu kama matofali. Ndiyo maana unene wa utando peke yake hauelezi jambo: kuna majani yenye utando mnene yanayovuja, na mengine yenye utando mwembamba yanayoshika maji vizuri. Kwa hiyo usiogope kwamba kidole chako kimeua kabichi. Ila usiufanye mchezo huo kwa shamba zima.

Nta inafanya kazi lini hasa? Mchana, mmea ukiwa na maji ya kutosha, asilimia 90 na zaidi ya maji yanayotoka kwenye jani hupitia stomata, vile vitundu vidogo ambavyo jani huvifungua ili liingize hewa ya kutengenezea chakula chake. Wakati huo nta ina kazi ndogo, kwa sababu milango yenyewe iko wazi. Lakini udongo ukikauka, au upepo mkavu ukianza kuvuma, mmea hufunga milango. Kuanzia hapo hauli tena, unangoja, na maji yanayoendelea kupotea hupita kwenye ngozi yenyewe, usiku na mchana. Ngozi ikiwa na nta nzuri, jani litangoja siku nyingi na maji yakija litafufuka. Ikiwa na nta hafifu, jani litanyauka ingawa limefunga kila kitundu. Mahindi mawili yakinyimwa maji siku ileile, moja likaamka baada ya mvua na jingine likafia palepale, mara nyingi tofauti iko kwenye mizizi, na baada ya mizizi iko hapo kwenye ngozi.

Nasisitiza neno mizizi kwa sababu sitaki mtu asome makala hii kisha aache kuchimba na kufunika tuta. Nta haiongezi hata tone moja, inapunguza tu yanayopotea.

Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi chake kina nyuso mbili. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi, na mboga hukua polepole bila kuteseka sana. Mwezi wa tisa na wa kumi kabla ya mvua ndio mbaya: hewa imekauka, jua limerudi na ukali wake, na visima vya dembo vimeshuka. Utafiti uliolinganisha mimea mingi ulionyesha kwamba joto la jani likipanda kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 35, kutikula huvujisha maji kiasi cha mara mbili. Nta, kama nta yoyote, hulegea ikipata joto. Ndiyo sababu mboga iliyovumilia mwezi wa saba bila taabu inaweza kuanguka mwezi wa tisa kwa kiasi kilekile cha maji. Kivuli chepesi cha saa za mchana, hata cha matete yaliyowekwa juu ya vijiti, hulipoza jani, na jani likipoa nta yake hushika.

Kati ya mazao yanayojulikana kwetu, bingwa wa nta ni mtama, ule ambao Wabemba huuita amasaka. Angalia mahali jani linapokumbatia shina: utakuta unga mweupe mzito kama chokaa. Mwaka 1994 Matthew Jenks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa matokeo ya mtama uliobadilishwa ukakosa unga huo. Kutikula yake ilikuwa nyembamba zaidi, maji yalitoka kwenye ngozi kwa wingi zaidi, na mmea ulishikwa kirahisi na ugonjwa wa madoa ya majani uletwao na kuvu. Kwa mtama, basi, nta huzuia maji na magonjwa pamoja.

Mahindi yana tabia nyingine, na kila anayelima anafaa kuijua. Majani matano au sita ya kwanza ya mhindi yana nta nyingi juu yake. Nyunyizia maji uone: matone hukimbia. Majani yanayofuata, ya mmea uliokomaa, yana nta ya juu kidogo sana na hulowa. Maana yake ni kwamba mhindi mchanga umepewa koti, ila mhindi unaokaribia kutoa mbelewele na nywele za gunzi hauna koti la kutosha, na huo ndio wakati ambao kiu huharibu mavuno kuliko wakati mwingine wote. Ukame wa katikati ya masika, mvua inapokata majuma mawili au matatu mwezi wa kwanza au wa pili, hulikuta shamba likiwa katika hali hiyo. Usitegemee jani la juu. Palilia mapema ili magugu yasinywe maji ya mahindi, na acha mabua ya mwaka jana yafunike udongo.

Jambo hili linatugusa mfukoni. Sehemu kubwa ya unga wa bukari unaoliwa Lualaba na Haut-Katanga hutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa huko, akisema hekta zipatazo milioni 1 za mahindi zimeharibika kati ya milioni 2.2 zilizolimwa. Ukame huo ulikuja mvua ilipokatika katikati ya msimu, mahindi yakiwa katika umri ule ule usio na koti. Mkoa unaokula jasho la shamba la jirani hulia jirani akilia, na ndiyo maana naona mtama na muhogo vinastahili nafasi kubwa zaidi katika mashamba yetu kuliko vinavyopewa leo.

Muhogo nao una ujanja wake. Mabrouk El-Sharkawy, mtafiti kutoka Misri aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT karibu na Cali, Colombia, alionyesha kwamba muhogo hufunga stomata zake hewa inapokauka tu, hata kabla udongo haujaishiwa. Kisha hudondosha majani ya chini na kubaki na machache juu. Hayo machache yana nta inayofukuza maji. Mama anayeosha sombe, yale majani ya muhogo, anaijua vizuri: maji ya kwanza huteleza juu ya majani kana kwamba hayajaguswa.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, kwani nta ya jani huongezeka au kupungua kulingana na malezi.

Jani hutengeneza nta yake nyingi likiwa bado linakua, na hutengeneza zaidi linapoona jua, hewa kavu na kiu kidogo. Mche uliolelewa chini ya kivuli kizito na kumwagiwa asubuhi na jioni bila kukosa hutoka mrefu, laini, mzuri wa kutazama, na ngozi yake ni nyembamba. Ukiuhamisha mwezi wa nane moja kwa moja hadi kwenye tuta lisilo na kivuli, utalala siku hiyohiyo. Wengi husema mizizi imeumia, na kweli huumia, lakini ngozi nayo haikuwa tayari. Dawa ni kuuzoeza. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha, punguza kivuli kidogokidogo: kwanza jua la asubuhi tu, kisha la mchana mzima. Punguza pia maji, mche usikie kiu bila kunyauka kabisa. Utauona ukibadilika, shina linakakamaa na jani la kabichi linaanza kuwa na rangi ya majivu. Hapo umevaa koti. Uhamishe jioni, umwagilie shinani, na usiku mmoja wa baridi utausaidia kushika.

Yapo mambo yanayolivua jani koti lake, na la kwanza ni sabuni. Vidukari wakiingia kwenye kabichi, watu huchanganya sabuni ya kufulia na maji wakanyunyizia, na kwa kweli vidukari hufa, kwa sababu sabuni huvunja nta ya mwili wao pia. Lakini sabuni haichagui. Sabuni ya unga ya kufulia nguo ni kali mno, na kabichi na ndugu zake ni kati ya mboga zinazoumia haraka. Ukilazimika, tumia sabuni laini ya maji, kijiko kidogo cha chai kwa lita moja. Jaribu kwenye majani mawili au matatu kwanza na ungoje siku mbili. Nyunyiza jioni, kesho yake asubuhi suuza kwa maji safi, na usirudie kila baada ya siku tatu kama ninavyoona mahali pengi. Kwa vidukari wachache, kuwaponda kwa vidole ni kazi inayochosha lakini haiuachi mmea uchi.

La pili ni maji yenyewe. Matone makubwa yanayoanguka kutoka juu kila siku hukwangua nta kidogokidogo, na kwenye mboga zinazolowa huacha unyevu wa kuotesha kuvu. Mwagilia chini, shinani, taratibu. Maji kidogo yaliyoingia ardhini yana faida kuliko ndoo nzima iliyopita juu ya majani.

La tatu ni letu hasa, watu wa ukanda wa shaba: vumbi. Malori yanayobeba madini yanapita katika barabara za udongo, na mwezi wa nane ukisimama kwenye shamba lililo karibu na barabara hutajua rangi halisi ya jani lolote. Vumbi lililokaa juu ya nta hufanya mambo matatu. Huziba mwanga na baadhi ya stomata. Hulipasha jani joto, na tumeshaona joto linaifanyia nta nini. Jambo la tatu halionekani: chembe zenye chumvichumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kufanya utando mwembamba sana wa maji juu ya jani, hadi ndani ya midomo ya stomata, na maji ya ndani yakapata njia ya kutokea hata milango ikiwa imefungwa. Jürgen Burkhardt wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, ameandika mengi juu ya jambo hilo. Jani lenye vumbi la aina hii hukauka kama lililopoteza nta.

Moshi wa matanuri ya kuyeyushia shaba huongeza mengine, kwani gesi ya salfa hugeuka tindikali juu ya jani na kuula utando wake. Historia tunayo karibu. Tanuri la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na kwa kuwa upepo wa huko huvuma zaidi kutoka kusini mashariki, moshi na vumbi vilielekea kaskazini magharibi miaka na miaka, hadi msitu ukatoweka na kuacha udongo mtupu upande wa mtaa wa Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kuufunika tena udongo huo kwa nyasi fupi iitwayo Microchloa kunthii, inayovumilia shaba.

Upepo huohuo wa kusini mashariki ndio unaotuvumia Kolwezi wakati wa kiangazi, na ni jambo la kulitumia. Unapochagua mahali pa bustani, usikae upande wa kaskazini magharibi wa barabara ya malori au wa lundo la udongo wa mgodi, maana hapo ndipo vumbi linapotua. Kama huna mahali pengine, panda ukuta wa majani ya tembo au miti midogo kati ya bustani na barabara, mistari miwili ikiwezekana. Ukuta huo hukamata vumbi na kupunguza upepo unaokausha jani. Wenye malori wana wajibu wa kumwagia barabara maji na kupunguza mwendo karibu na mashamba. Wakazi wakilidai hilo kwa pamoja hawaombi zawadi.

Mbegu nazo zinatofautiana, hata ndani ya zao moja, na unaweza kuzipima bila maabara. Asubuhi, chuma jani moja kutoka kila aina unayotaka kulinganisha, yawe ya umri mmoja na mahali pamoja kwenye mmea. Ziba mkato wa kikonyo kwa nta ya mshumaa iliyoyeyuka, ili maji yasitokee hapo. Yatundike kivulini pasipo upepo. Acha nusu saa au saa moja ipite, stomata zifunge, kisha pima uzito wa kila jani kwa mizani ndogo ya dukani, na upime tena baada ya saa tatu na saa sita. Jani lililoshuka kutoka gramu 10 hadi 9 limeshika maji kuliko lililoshuka kutoka 10 hadi 8. Rudia kwa majani matano au sita ya kila aina, kwa sababu jani moja linaweza kukudanganya. Wazalishaji wa mbegu hutumia kipimo cha namna hii wanapotafuta mimea ya kuvumilia ukame. Ukiona aina moja inashinda mara kwa mara, hifadhi mbegu zake, au zile pingili zake kama ni muhogo.

Ila nta nyingi ina gharama yake. Kabichi zenye majani ya kung'aa, zisizo na unga wa kijivu, zimeonekana kuzuia viwavi wa nondo mgongo wa almasi kuliko zile za kijivu, kwa kuwa kiwavi mdogo huzurura juu yake bila kutulia ale. Na mtama uliokosa unga huwasumbua vidukari wa aina fulani. Kwa hiyo bustani ya mwezi wa kwanza, yenye maji tele na wadudu wengi, inaweza kutaka kabichi tofauti na bustani ya mwezi wa tisa.

Jambo la mwisho liko jikoni. Nta inayofukuza maji hulinda pia vumbi lililojificha lisioshwe kwa urahisi: ukipitisha sombe chini ya bomba kwa haraka, maji huteleza na chembe hubaki kwenye mikunjo. Na vumbi la hapa si vumbi tu. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wengine, walitoa utafiti uliofanywa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo kobalti ilichimbwa katikati ya nyumba za watu. Walikuta kobalti nyingi kwenye damu na mkojo wa wakazi, na watoto ndio walioathirika zaidi, vumbi likiwa njia mojawapo ya kuingilia mwilini. Kwa hiyo loweka majani kwenye beseni kubwa, yazamishe kwa mikono, yatikise, badilisha maji, urudie hadi maji yabaki meupe. Majani ya nje ya kabichi yatupe. Madini yaliyoingia kwa mizizi hayatoki kwa kuosha, na kwa hayo dawa ni udongo wenyewe: mbolea ya samadi na chokaa ya shambani hupunguza kiasi ambacho mizizi hunyonya, na mahali palipotupwa mabaki ya mgodi hapafai mboga kabisa.

Na maji ya beseni lile la kwanza, mekundu kama chai, usiyarudishe kwenye tuta hata kama kisima kimeshuka. Yamwage mbali na bustani, mahali ambapo watoto hawachezi.